Kushika nyoka mchanga: Hofu iko pande zote mbili

*Anayetamani kufuga nyoka Lanet ana mambo matatu ya kujua kabla kidole hakijagusa gamba: aina ya nyoka, kibali cha serikali na joto la chumba. Mengine ni mazoezi ya mkono.*

Nyoka wa nyumba aliyeanguliwa majuzi ana urefu wa sentimita 20 hivi na unene wa penseli. Hana sumu. Akiuma, meno yake huacha mikwaruzo inayokauka kabla ya jioni. Ila mbele ya mtu ambaye hajawahi kushika nyoka, mnyama huyo mdogo hutosha kumtoa jasho mtu mzima.

Mkono wa mwoga una tabia zake. Husita, hunyooshwa kwa ghafla, hurudishwa nyuma, kisha hubana. Kila mwendo wa aina hiyo una maana kwa nyoka. Porini, kinachomshukia kutoka juu kwa kasi ni mwewe au nguchiro, na kinachombana kiwiliwili ni mdomo wa anayetaka kumla.

Kwa hiyo nyoka mchanga akizomea au akirusha kichwa, hajamkasirikia mtu. Anajitetea. Mnyama aliyezaliwa bila mzazi wa kumlinda, akiwa chakula cha ndege, paka na hata nyoka wenzake, huishi kwa kudhani kwamba kila kikubwa kinachomkaribia ni adui.

Ustadi wa kushika nyoka ni ustadi wa kuondoa dhana hiyo polepole. Lakini katika viunga vya Nakuru kazi hiyo huanza mbali na kiganja, kwa sababu si kila nyoka mdogo ni mtoto, na si kila nyoka mtulivu ni mpole.

Udogo si utoto

Bonde la Ufa la kati lina nyoka mmoja anayepaswa kumfanya kila mwanagenzi afikiri mara mbili. Ni kifutu mwenye pembe, ambaye wanasayansi humwita *Bitis worthingtoni*. Hapatikani popote duniani isipokuwa Kenya, kwenye nyanda za bonde zilizo juu ya mita 1,500, maeneo ya Naivasha, Elmenteita na Nakuru yakiwemo.

Nyoka huyo ana kijipembe juu ya kila jicho na ni mfupi: wengi hawafikii nusu mita hata wakiwa wazee. Mtu akimkuta chini ya jiwe anaweza kudhani ameokota kinda, kumbe ameshika nyoka mzima mwenye sumu.

Bafe wa kawaida, ambaye pia huitwa moma, naye ana mtego wake. Huzaa watoto walio hai, wala hatagi mayai. Jike mmoja wa Kenya aliyetunzwa katika bustani ya wanyama ya huko Cheki alizaa watoto 156 kwa mkupuo mmoja. Kila mtoto wa bafe huzaliwa na meno ya sumu yanayofanya kazi tangu saa ya kwanza.

Nyoka mla-mayai huongeza utata. Hana sumu, na meno yake ni kama hayapo, lakini madoa yake humfananisha na vifutu na hilo ndilo linalomwokoa porini. Anayejivunia kumtambua mla-mayai kwa macho anaweza siku moja kukosea, na kosa la aina hiyo hulipiwa hospitalini.

> Mtu akimkuta chini ya jiwe anaweza kudhani ameokota kinda, kumbe ameshika nyoka mzima mwenye sumu.

Kanuni ya kwanza basi ni fupi: nyoka wa kujifunzia haokotwi. Hutoka kwa mfugaji mwenye kibali, akiwa anajulikana aina yake, umri wake na chakula alichozoea.

Wanaomfaa mwanagenzi

Nyoka wa nyumba ndiye anayependekezwa mara nyingi. Ameenea Kenya nzima, hutembea usiku, hula panya na mijusi, na huua kwa kujiviringisha. Rangi yake ni ya hudhurungi, na mistari miwili hafifu hupita ubavuni mwa kichwa. Akikomaa, kwa kawaida huwa kati ya sentimita 60 na 90, jike akimzidi dume.

Wa pili ni nyoka mnene wa mchangani, *Eryx colubrinus*, mwenye madoa ya kahawia juu ya rangi ya chungwa. Huzaa watoto walio hai na hutumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwa amejizika, macho tu yakichungulia. Ulaya na Marekani wafugaji wamemzoea kwa miongo kadhaa, na huko bado huuzwa kwa jina la Kenya.

Chatu ni habari nyingine. Mtoto wake huanguliwa akiwa na nusu mita hivi, naye huvutia kwa madoa na utulivu. Lakini akitunzwa vizuri hupita mita tatu au nne, na hapo haingii tena katika hesabu ya mnyama wa kushikwa na mtu mmoja.

Agosti 2013, chatu wa Afrika aliyetoroka kizimbani katika mji wa Campbellton, Kanada, aliwaua wavulana wawili waliokuwa wamelala. Mwaka mmoja kabla yake, Marekani ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa chatu wa Afrika na wale wa Burma, baada ya nyoka waliotoroka au kuachiliwa na wafugaji kuzaliana katika vinamasi vya Florida.

Mla-mayai naye, japo hana madhara, hamfai anayeanza. Hali kitu kingine isipokuwa mayai ya ndege, na akiwa mchanga huhitaji mayai madogo mno, ya ndege wadogo. Wengi hufa kwa njaa mikononi mwa watu wenye nia njema.

Kibali kabla ya kizimba

Nchini Kenya nyoka ni mnyamapori, hata akikutwa chooni au kwenye stoo ya mahindi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka anayetaka kumfuga apate kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Sheria hiyo ina jedwali la wanyama ambao ufugaji wao unaweza kuruhusiwa. Nyoka wamo, pamoja na mamba, kobe, vinyonga, mbuni na vipepeo. Wakenya wengi waligundua kuwepo kwa utaratibu huo wakati wa wimbi la ufugaji wa kware la miaka ya 2013 na 2014, walipoambiwa kwamba hata ndege yule wa mayai madogo anahitaji kibali.

Mipaka ya nchi ina sheria zake pia. Chatu na nyoka wa mchangani wamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Kifutu mwenye pembe aliongezwa humo mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, kwa pendekezo la Kenya yenyewe, kwa kuwa wakusanyaji wa nje walikuwa wanamtafuta.

Anayemnunua nyoka kando ya barabara, au anayemlipa mtoto wa jirani amletee mmoja kutoka kichakani, anaingia matatani na sheria kabla hata hajajua kumshika. Zaidi ya hayo, nyoka wa kichakani huja na kupe, minyoo na hofu ya kweli ya binadamu.

Baridi ya Lanet

Lanet iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, upande wa mashariki wa mji wa Nakuru, jirani na lango la mbuga ya Ziwa Nakuru linaloitwa kwa jina hilohilo. Mchana jua huwaka, lakini usiku nyuzi za joto zinaweza kushuka hadi 10 hivi.

Nyoka hajitengenezei joto. Huliokota kutoka kwa mawe, udongo na hewa. Nyoka wa nyumba huhitaji upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 28 hadi 30, na upande wa pili uwe na ubaridi kiasi ili ajichagulie. Yule wa mchangani, aliyezoea nyanda kame kama za Magadi, huhitaji joto zaidi.

Joto likipungua, chakula hukaa tumboni bila kusagika, kisha hutapikwa kikiwa kimeoza. Hapo nyoka mchanga hudhoofika upesi.

Baridi pia humdanganya mwanagenzi. Nyoka aliyeamka saa moja asubuhi katika chumba kisicho na joto hulegea, hutulia na kukubali kushikwa. Hilo si zoea. Ni mwili usio na nguvu ya kukimbia. Akipata joto mchana, nyoka yuleyule anaweza kuzomea na kurusha kichwa, na mwenyewe akashangaa amekosa nini.

> Nyoka aliyelegea kwa baridi hajawa mpole. Amekosa tu nguvu ya kukimbia.

Kizimba cha nyoka mchanga hakihitaji ukubwa. Sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana na matundu ya hewa linatosha, likiwa na maji, magazeti au vipande vya mbao chini, na maficho mawili: moja upande wa joto, moja upande wa baridi. Nafasi kubwa iliyo tupu humtisha, naye huacha kula.

Joto hutoka kwa mkeka wa umeme unaowekwa chini au ubavuni mwa sanduku, ukiwa umeunganishwa na kidhibiti cha joto ili usimuunguze. Stima ikipotea, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa kando ya sanduku, kisha blanketi juu yake, huweza kulivusha sanduku hadi umeme urudi.

Wiki ya kwanza: mikono mbali

Nyoka aliyehamishwa hupewa wiki moja bila kushikwa. Hubadilishiwa maji, huachwa kwenye maficho yake, na hupewa mlo wa kwanza. Asipokula, bado hajatulia, na kumshika kutamrudisha nyuma zaidi.

Chakula cha nyoka mchanga ni panya wachanga wasio na manyoya, kila baada ya siku tano hadi saba. Mlo usizidi unene wa sehemu nene ya mwili wake. Walio wengi hutumia panya waliogandishwa, huwayeyusha hadi wapate uvuguvugu, na huwatoa kwa kibanio kirefu wala si kwa vidole.

Baada ya kula, nyoka haguswi kwa saa 48. Akishikwa mapema anaweza kutapika. Haguswi pia wakati macho yake yana ukungu wa kibuluu, dalili kwamba anakaribia kujivua gamba. Wakati huo haoni vizuri, na asiyeona hujihami haraka.

Hatua za mkono

Wakati ukifika, utaratibu ni ule ule kila mara, kwa kuwa mazoea ndiyo yanayomfundisha nyoka. Kwanza mikono huoshwa kwa sabuni. Nyoka huishi kwa kunusa: ulimi wake hukusanya harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilicho katika paa la kinywa. Kidole chenye harufu ya panya au kuku, kwake, ni mlo.

Pili, nyoka huarifiwa. Fimbo laini au kipande cha karatasi kilichokunjwa hugusishwa taratibu ubavuni mwake kabla ya mkono kuingia. Baada ya wiki chache, mguso huo humwambia kwamba sasa ni zamu ya kushikwa, chakula hakuna.

Tatu, mkono huja kutoka ubavuni na chini, si kutoka juu ya kichwa. Huingia bila kusitasita. Mkono unaokwenda na kurudi humtisha nyoka kuliko ule unaokwenda polepole lakini moja kwa moja.

Nne, nyoka huinuliwa kwa sehemu ya kati ya mwili, vidole vikiwa chini yake kama rafu, mkono wa pili ukitegemeza mkia. Hashikwi shingo wala ncha ya mkia. Kushika shingo ni kazi ya wanaokamua sumu, na kwa nyoka mchanga kunaweza kuvunja mifupa midogo.

Tano, huachwa atembee. Akitoka kiganja cha kulia, cha kushoto humpokea mbele, na hivyo hivyo hadi mwendo wake upungue. Anayejaribu kumzuia humfanya akimbie zaidi.

Dakika tano zinatosha mwanzoni, mara mbili au tatu kwa wiki, mtu akiwa ameketi sakafuni au juu ya kitanda ili nyoka akiponyoka asianguke mbali. Nyoka hurudishwa akiwa ametulia. Akirudishwa kila mara anapozomea, hujifunza kwamba kuzomea kunafaa.

Mwanagenzi anayetetemeka sana anaweza kuvaa glavu nyepesi za kitambaa siku za mwanzo. Hazimfaidi nyoka, ila humpa mtu uhakika wa kutorudisha mkono kwa ghafla. Glavu nene za ngozi hazifai: huondoa hisia za vidole, na mtu hubana bila kujua.

Kusoma dalili

Nyoka aliyetulia hutembea polepole na kutoa ulimi mara kwa mara. Mwenye hofu hukaza mwili, hukunja shingo kama herufi S, huzomea, au hujiviringisha na kuficha kichwa katikati. Wengine hutoa majimaji yenye harufu mbaya mkiani.

Dalili hizo zikionekana kabla ya kumwinua, zoezi huahirishwa. Zikionekana akiwa mkononi, mikono husimama bila kutikisika hadi alegeze, ndipo arudishwe.

Akiuma, jambo gumu zaidi ni kutovuta mkono. Meno ya nyoka wa nyumba na wa mchangani yamepinda kuelekea nyuma, hivyo anayevuta huchana ngozi yake na huweza kung'oa meno ya nyoka. Mara nyingi huachia papo hapo. Asipoachia, maji baridi kidogo juu ya kichwa hutosha, kisha jeraha huoshwa kwa sabuni.

Mikono huoshwa pia baada ya kila zoezi. Nyoka wengi hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua, na watoto walio chini ya miaka mitano hawafai kuwashika wala kushika vyombo vyao.

Kuumwa na nyoka asiyejulikana ni jambo tofauti kabisa. Aliyeumwa hutulizwa, kiungo kilichoumwa hakitikiswi, pete na bangili huvuliwa, na safari ya hospitali huanza mara moja. Kuchanja kwa wembe, kufyonza, kufunga kamba na kubandika jiwe jeusi hupoteza muda na huongeza majeraha.

Uzito wa jambo hilo unajulikana vizuri Baringo, kaunti jirani yenye visa vingi vya kuumwa na nyoka. Shirika la Afya Duniani, lililoliweka tatizo hilo katika orodha ya maradhi yaliyosahaulika mwaka 2017, linakadiria kwamba nyoka huua kati ya watu 81,000 na 138,000 duniani kila mwaka.

Pande zinazovutana

Hapo ndipo hoja ya wanaopinga ufugaji inapopata nguvu. Katika nchi ambayo watu hupoteza viungo na maisha kwa sumu, wanasema, kumzoesha kijana kushika nyoka ni kumfundisha kutoogopa kinachostahili kuogopwa. Wahifadhi huongeza kwamba kila soko la wanyama hai huwavuta wakusanyaji msituni, kibali kiwepo kisiwepo.

Majirani nao wana neno lao. Katika makanisa na misikiti mingi nyoka ni sura ya shetani, na katika nyumba za kupanga, sanduku lenye nyoka linaweza kumfukuzisha mpangaji kabla ya mwisho wa mwezi. Anayefuga bila kumwarifu mwenye nyumba huanza ugomvi kabla ya kuanza ufugaji.

Upande wa pili hujibu kwamba hofu bila maarifa haijamlinda mtu. Anayemjua nyoka wa nyumba hamuui kwa jembe, na hivyo humwacha mla panya afanye kazi yake ghalani. Hujua pia kwamba nyoka wa porini haguswi, kwa kuwa ameshaona jinsi ilivyo rahisi kukosea.

Mila za eneo hili zenyewe hazikuwa na sauti moja. A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka 1909, aliandika kwamba nyoka aliyepanda kitanda cha mwanamke hakuuawa. Alidhaniwa kuwa roho ya mhenga, na alimwagiwa maziwa. Huko Nyakach, chatu aliyeitwa Omieri aliheshimiwa kama mleta mvua, na alipoungua mwaka 1987 alipelekwa Nairobi kutibiwa, akafia huko.

> Hofu bila maarifa haijamlinda mtu, wala maarifa bila tahadhari.

Kenya pia ina historia ndefu ya wataalamu wa nyoka. Jonathan Leakey, mwana wa Louis na Mary Leakey, alifuga nyoka Baringo na kuuza sumu yao kwa watengenezaji wa dawa. James Ashe, aliyewahi kusimamia bustani ya nyoka ya makumbusho ya Nairobi, alianzisha kituo cha Bio-Ken huko Watamu mwaka 1980. Baada ya kifo chake, swila mkubwa atemaye sumu alipewa jina la *Naja ashei* mwaka 2007.

Vituo kama hivyo ndivyo mahali pazuri pa kuanzia kwa anayesitasita. Anaweza kumshika nyoka asiye na sumu chini ya uangalizi, akajipima, na kuamua kama anataka kazi hiyo kila wiki kwa miaka.

Miaka, si miezi

Nyoka wa nyumba aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 10, na wa mchangani zaidi ya hapo. Kijana wa kidato cha pili anayemchukua leo atakuwa amemaliza chuo na pengine kuhamia mji mwingine nyoka akiwa bado hai. Kibali chake, chakula chake na joto lake vitahitajika miaka yote hiyo.

Anayeshindwa kuendelea hamwachilii kichakani wala ndani ya mbuga. Nyoka aliyelishwa kwa kibanio huenda asijue kuwinda, na huweza kupeleka maradhi kwa wa porini. Njia halali ni kuwaarifu KWS ili akabidhiwe kituo au mfugaji mwingine mwenye kibali, pamoja na maelezo ya umri wake, mlo wake na tarehe aliyojivua gamba mara ya mwisho.